Birika Lisilo na Mfuniko

Kambarage, Shinyanga
Jumamosi jioni

Kabula mwanangu,

Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na mimi namjua wifi yangu, hatakuachia mapema. Atakulisha matobolwa, viazi vyake vya kukausha, mpaka ushindwe kunyanyuka, halafu ataanza maagizo yake: ufue nguo kabla hazijaota uchafu, usilale bila chandarua, usimpe mtu usiyemjua mzigo akushikie kwenye treni. Yote hayo ni kweli na sina la kuongeza. Nimesukuma vitambaa pembeni, nimekaa mezani peke yangu, nakuandikia. Barua hii nitaiweka katikati ya nguo zako. Uisome ukishapita Tabora, maana ukiisoma hapa utataka tuzungumze, na mambo haya ana kwa ana siyawezi. Nikianza tu nitageuza utani.

Nianze na lililo gumu, nisije nikalizunguka mpaka karatasi ikaisha. Sidhani kama chuo kitakubakiza. Mtaa mzima wamesikia "Kabula amechaguliwa chuo cha sanaa Dar es Salaam" wakaishia hapo. Mama Shija wa genge amenishika mikono yote miwili akasema Mungu ameikumbuka nyumba yangu. Sikumbishia, angenishangaa. Lakini barua yao mimi nimeisoma mpaka chini, na wewe umeisoma. Umepokelewa kwa majaribio, muhula mmoja, na mwisho wa muhula wataangalia kama uchoraji wako umefunguka. Usipofunguka watakurudisha nyumbani. Neno hilo la kufunguka limenikaa kooni tangu siku barua ilipofika. Najua kilichofungwa, na najua nani alikifunga.

Unakumbuka uliporudi kutoka Mwanza kwenye usaili? Ulikuja unacheka, ukaanza kusimulia hata mkoba hujautua. Mwalimu alikuwa ameweka mezani birika kuukuu, kitunguu, na kandambili moja iliyokatika, akasema mchore mnachokiona. Wewe ukamaliza wa kwanza. Akaja akasimama nyuma yako, akaangalia karatasi, akaangalia meza.

"Birika lile lina mfuniko?" akakuuliza.

"Halina."

"Mbona hili lako linao?"

Ukamjibu kwa adabu kabisa, "Mwalimu, birika huwa na mfuniko."

Mdogo wako Limi alicheka mpaka akalala chini. Mimi nikacheka kuwashinda wote. Halafu nikasema naenda kuangalia maharage, nikapita nyuma ya jiko, nikakaa juu ya kile kinu kilichopinduliwa. Maharage yalikuwa yameiva tangu mchana. Nilikaa pale kwa sababu jibu lile ni langu. Mtu angeniuliza mimi, ningejibu vile vile, neno kwa neno, na ningeshangaa anauliza nini.

Hujawahi kuniuliza nilijifunza wapi. Umezaliwa ukaikuta meza, ukamkuta mama ameinama, ukadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa. Mimi nilikuwa msichana mdogo huko Ushirombo nilipopelekwa kujifunza kushona. Aliyetufundisha alikuwa mama mmoja mnene, mpole, mwenye sauti ndogo mpaka unamsogelea kumsikia. Alikuwa na karatasi za michoro zilizotoka mbali: njiwa wawili wanatazamana, waridi katikati, utepe chini yao. Tunatandika kitambaa, juu yake karatasi ya kaboni, juu yake karatasi ya mchoro, kisha tunapita juu ya mistari kwa kalamu iliyokwisha wino. Ukimaliza unampelekea, anashika kitambaa na karatasi pamoja dirishani, kwenye mwanga. Mstari wako ukilala juu ya mstari wa karatasi, unakwenda kucheza. Ukitoka nje kidogo tu, unarudia.

Usifikiri niliteswa. Nilipenda mno. Nilikuwa wa kwanza kuruhusiwa kucheza, na baada ya muda nikawa siendi, nabaki ndani nachora tena. Siku moja nilichora bila kaboni, kwa kichwa tu. Akapeleka dirishani, mistari ikalala juu ya mistari. Akawaita wenzangu waje waone. Sijasifiwa namna ile tena, hata siku ya harusi yangu.

Waridi lenyewe sijawahi kuliona bichi, na nimelichora maisha yangu yote. Baba yako aliwahi kuniuliza lina harufu gani, nikamwambia aniache nifanye kazi.

Marehemu baba yako nilimkuta akiwa mtu wa mgodini Geita. Mgodi ulipofungwa tukahamia huku, yeye akawa anakwenda na kurudi kwenye machimbo ya porini, na njiwa wangu wakaanza kutulisha. Kila nyumba yenye redio ilitaka kitambaa cha kuifunika. Kila bibi harusi alitaka shuka na foronya. Mimi nachora, wao wanakwenda kudarizi kwa nyuzi zao. Na miaka hii vitambaa vilipopotea madukani umeona mwenyewe, wananiletea mifuko ya unga wa msaada, wameifumua na kuifua mpaka maandishi yamefifia, niwachoree humo humo. Njiwa wamelala juu ya maandishi ya Kizungu, na watu wameolewa vizuri tu.

Baba yako alikuwa akinitania. "Mama Kabula, hawa ndege wako tangu nikuoe sijaona hata mmoja amekunya." Nilikuwa nachukua kitambaa chochote nampiga nacho. Sasa naona alikuwa ameona kitu. Ila yeye alikuwa mtu wa utani, mimi mtu wa kujibu utani, basi kikapita.

Kuna safari moja sijawahi kukusimulia. Wewe ulikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Baba yako alikuwa kwenye machimbo upande wa Geita, nikamfuata na mzigo wa vitambaa vilivyokwisha chorwa, kwa sababu wake wa wachimbaji walikuwa wanunuzi wazuri. Leo wamepata, leo leo wanapamba nyumba ya nyasi. Nikafikia kwa mama mmoja Msukuma, Mama Masanja, aliyekuwa anapika ugali na kuwauzia wachimbaji. Masanja mwenyewe, mwanawe, alikuwa amefukiwa na kifusi ndani ya duara, yaani shimo lao la kuchimbia dhahabu, msimu uliotangulia. Walimtoa wakamzika. Picha yake haikuwepo hata moja.

Jioni moja akakaa karibu yangu ananitazama nachora. Akasema, "Mayu," yaani mama, "mkono wako mzuri. Nichoree Masanja kwenye foronya. Nitamdarizi mwenyewe, niwe namlalia."

Nikamwambia sura yake siijui.

"Sura sitaki. Nichoree mgongo tu, anaondoka. Alikuwa na bega moja juu, hili la kulia, kwa kubeba ndoo za udongo tangu mtoto. Ukinipa hilo bega nitamjua."

Akasimama kunionyesha. Mwanamke mzima, kichwa cheupe kwa mvi, akatembea mbele ya mafiga yake bega moja juu, akaenda, akarudi, ili mimi nimwone mwanawe. Watu waliokuwa wanakula wakaacha kula, wakainamisha vichwa.

Nikachora. Nilitia bidii ambayo sijawahi kuitia kwenye kitu kingine. Nilipomaliza nikaona nimechora kijana wa kwenye kitabu cha darasa la kwanza, amesimama wima, mabega sawasawa, na huku na huku nimemwekea waridi. Kuyaweka yale maua sikumbuki. Bega nilikuwa nimelisikia kwa masikio na kuliona kwa macho, na mkono wangu ukalishusha likalingana na la kushoto, kwa sababu mabega huwa mawili na huwa sawa.

Mama Masanja alikichukua kitambaa, akakisogeza kwenye moto aone vizuri. "Huyu nani?" akauliza. Hakuwa ananilaumu. Alikuwa anauliza kweli, kama pengine nimekosea kitambaa nikampa cha mteja mwingine. Akakikunja vizuri, akanirudishia mapajani. "Basi, mayu. Nichoree njiwa."

Nikamchorea njiwa, na walikuwa wazuri kuliko wote niliopata kuchora. "Wabeja," akanishukuru, "wabeja sana," akawakunja akaenda kulala. Niliona aibu ambayo mpaka leo nikiigusa inaniunguza.

Tuliporudi hapa nikaipandisha ile karatasi ya mchoro niliyotoka nayo Ushirombo juu ya dari, na kaboni zote. Nikasema nitajifunza upya. Nakuandikia niliyoyajaribu, maana ndiyo mali niliyonayo ya kukupa kwa safari hii. Ni mali ya mtu aliyeshindwa, kwa hiyo uipime kabla hujaitumia.

Nilichukua mkaa nikaanza kuchora kwenye ukuta wa nyuma wa jiko, ambako wateja hawafiki. Nikachora kuku, kwa kuwa ndio waliokuwa mbele yangu. Kila kuku alitoka na shingo ya njiwa. Nikifuta, nikianza na miguu, nikipanda taratibu, nikifika shingoni tu, huyo njiwa. Nikajaribu mkono wa kushoto, nikidhani haujui njiwa. Kumbe unamjua, ila unamchora vibaya. Nikaacha ndege kabisa nikahamia kwa mbuzi wa Mama Shija, kwa kuwa mbuzi na njiwa wanahusiana nini? Mbuzi akatoka ameangalia kulia, na kabla sijamaliza mkono umeshaanza kumchora mwenzake upande wa pili, anamtazama. Hapo nililia, nakwambia kweli. Nilikaa chini kwenye majivu na wewe umelala mgongoni, nikalia kwa ajili ya mbuzi.

Kitu kimoja kilikaribia kunisaidia. Siku moja nilichoka na miguu ya yule mbuzi, nikaacha kuichora, nikachora ule mwanga ulio katikati ya miguu, ile nafasi tupu. Haina jina, na mimi sijawahi kuiona kwenye karatasi ya mtu. Mkono ukakosa cha kukumbuka. Nikawa natazama, nachora kidogo, natazama tena, na inauma, Kabula, inauma machoni na mabegani, unachoka upesi kuliko kulima. Nikapata mguu mmoja wa nyuma. Mmoja tu, umekunjika kidogo kwenye goti. Baba yako akapita na beseni la maji, akasimama. "Huyu mbuzi wa Mama Shija," akasema. Sikuwa nimechora kichwa wala tumbo, na alimjua.

Nilitembea na mguu ule kifuani siku kadhaa kama mtu aliyeficha dhahabu. Nikapata ujasiri wa kubuni mchoro mpya wa mashuka: kuku na vifaranga, kuku wa kweli nilivyoweza, shingo zao nimezipigania. Nikamwonyesha mama mmoja aliyekuwa anaoza binti yake. Akaangalia, akamwangalia dada yake. "Kuku kwenye kitanda cha bibi harusi? Mama Kabula, unatutukana?" Wakaondoka wakapeleka kitambaa kwa fundi mwingine, na habari ikazunguka mtaani kwamba nimechanganyikiwa tangu nitoke machimboni. Baba yako hakuwa amepata kitu muda mrefu. Unga ukaisha. Nikapanda juu ya kiti nikateremsha karatasi yangu darini, nikaipangusa vumbi, na wateja wakarudi kana kwamba hakukuwa na lolote. Mguu wa mbuzi ulibaki ukutani mpaka mvua ikauosha. Sikujaribu tena.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa napakwepa tangu nianze kuandika.

Ulikuwa hujaanza shule. Ulichukua mkaa ukachora kuku kwenye ukuta ule ule. Alikuwa yule kuku wetu mwekundu aliyegongwa na baiskeli, akawa anachechemea. Ulimchora mguu mmoja mfupi umetazama nje, na shingo ameilaza upande, alivyokuwa anailaza kila alipotaka kukanyaga. Baba yako alikuwepo nyumbani. Akaniita, "Mama Kabula, njoo umwone kuku wetu."

Nikaja, na nilimjua yule kuku kabla sijaufikia ukuta. Nilikuwa nimekwisha kuonana na Mama Masanja, nilikuwa nimehangaika na mbuzi nikapata mguu mmoja, kwa hiyo usiseme mama hakujua. Nilijua kabisa kilichokuwa pale ukutani. Nikachuchumaa nyuma yako, nikakushika mkono na mkaa ukiwa ndani yake, nikasema, "Ndege anachorwa hivi, mama." Tukaipindisha shingo pamoja, tukaisawazisha miguu. Kiganja chako kilikuwa kidogo, kina jasho, na hakikubisha hata kidogo. Baba yako alisimama kidogo, akasema, "Haya," akaenda zake.

Nimejiuliza miaka mingi kwa nini. Ningependa nikwambie ni kwa ajili ya tumbo, kwamba nilitaka uwe na kazi ya mkononi itakayokukinga na njaa. Hilo lipo. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nilikuonea wivu. Ulikuwa umekipata bila kukitafuta kitu ambacho mimi nilikililia kwenye majivu. Nilikuonea wivu mtoto wangu mwenyewe, mdogo namna ile, uchi wa kifua, una mkaa mpaka puani. Hakuna mtu ninayeweza kumwambia hivyo ila wewe, na wewe ndiye uliyestahili usiambiwe.

Halafu ukawa hodari. Ulipofika darasa la tano ulikuwa huhitaji kaboni. Darasa la saba wateja wakawa wanasema mkono wa Kabula na mkono wa mama yake huwezi kuutofautisha, na mimi nikawa naurudia usemi huo kanisani, sokoni, hospitalini Kolandoto nilipokwenda kumuuguza baba yako na kifua chake. Nilimwambia na yeye kitandani. Alikuwa hana pumzi ya utani tena. Alisema tu, "Yule kuku alikuwa mzuri." Nikajifanya sikumsikia, nikamnyoosha shuka.

Kwa hiyo unapokwenda huko, usikubali mtu akwambie huna kipaji. Ulikuwa nacho. Kilichotokea ni kwamba kilishikwa mkono. Na ndiyo maana sina matumaini makubwa, wala sitaki kukudanganya kwenye barua. Mimi nilipoanza kaboni nilikuwa msichana, nilikuwa nimeshaitazama dunia kwa macho yangu miaka kadhaa, na bado niliposhtuka sikuweza kurudi. Wewe ulikuwa bado unapoteza meno. Huna hata pa kurudi, isipokuwa kuku mmoja ambaye pengine humkumbuki. Muhula mmoja ni mfupi kwa kazi hiyo. Wenzako wataanza kuchora, wewe utaanza kufumua, na mwalimu atakuwa anakagua karatasi tu, hatakuwa anajua nani alianzia wapi.

Lakini utakuwa pale muhula mzima, na siku ni lazima zipite kwa namna fulani. Ukiona umemaliza wa kwanza, rudi kwenye kile kitu ukitazame, maana ulikuwa hukitazami. Wakikuwekea kitu mbele, jaribu kusahau kinaitwaje. Ukichora kitu kikatoka kizuri bila kukuchosha, hicho ni changu, si chako, geuza karatasi uanze upande wa pili. Wenzako watakusifu kwanza, kwa sababu mstari wako ni safi kuliko wao, na utapenda kusifiwa, kama nilivyopenda mimi dirishani. Halafu ukianza kuharibu, ukianza kutoa vitu vibaya vilivyopinda, watakaa kimya. Hapo nadhani ndipo patakuwa na kitu. Nadhani tu. Mimi nilifika mguu mmoja wa mbuzi.

Nikikupangia sanduku mchana nimeona kaboni zile mbili mpya umeziweka chini kabisa, chini ya sketi. Mkono wangu ulikwenda kuzitoa. Nikauzuia. Nikizitoa nitakuwa nimechuchumaa nyuma yako tena, nakuonyesha ndege anachorwaje. Zipo. Utafanya unavyoona.

Wakikurudisha, rudi. Usije ukabaki Dar es Salaam kwa aibu unazunguka kwa watu. Nitakuja kituoni kukupokea na sitakuuliza kitu. Mtaa utauliza, na mimi mdomo wangu unaujua, nitaunyamazisha mtaa. Kitanda chako nitakiacha kilivyo.

Limebaki moja. Jana ulipokuwa unaosha vyombo uliniuliza nani atanisaidia msimu huu, nikasema nitajua mwenyewe, nikaanza kukaripia kuhusu sabuni. Ulijua nakwepa. Mikono yangu imeanza kutetemeka asubuhi, umeiona, ndiyo maana mashuka yote ya mwaka huu umechora wewe. Pamba ikishauzwa, harusi zinaanza. Mama Shija mwenyewe ameshaleta vitambaa vya binti yake.

Juzi nimemkuta Limi nyuma ya jiko na kipande cha mkaa. Amekuchora wewe. Umeinama mezani, na kisigino kimoja umekitoa kwenye kandambili, vile unavyokitoa ukizama kwenye kazi. Hujui kama unafanya hivyo, wewe. Nami nilikuwa sijui, miaka yote hii nimekaa mbele yako. Nimejua pale ukutani. Kichwa amekichora kikubwa mno na mkono mmoja hauna vidole, lakini angekuja baba yako kutoka huko aliko angesema, huyo Kabula.

Nimewaza namna nyingine, mwanangu. Nimewaza kufuma vikapu, nimewaza genge, nimewaza kumpeleka Limi kwa shangazi yako, ambaye akishamlisha mgeni watoto wake mwenyewe wanalala na njaa. Nimejiambia nitamfundisha njiwa mezani na kumwachia ukuta, afanye yake huko nyuma. Pengine nitaweza kwa siku chache. Halafu ataniletea foronya ambayo njiwa mmoja amelaza shingo, na mwenye foronya atakuwa amesimama mlangoni anasubiri. Najijua.

Ameniuliza kama atakaa kwenye kiti chako au kwenye kibao chake. Nimemwambia kiti chako. Amefurahi sana, amekwenda kuwaambia wenzake. Anaanza Jumatatu.

Mimi mama yako,
Mama Kabula